Samaki wa Dhahabu kwenye Mtumbwi wa Pombe

Jumatatu, 3 Machi
Na ijulikane Kirushya nzima, na Nyakisasa pia wakitaka kusikia: kuanzia leo mimi, Sostenes, ni mfugaji wa samaki wa dhahabu. Wapo wawili. Jovitus wa Biharamulo, aliyeniuzia, anasema wa mkia mmoja kama hawa ndio wagumu, baridi ya huku hawaijali. Wa mikia miwili ni mabwanyenye. Ukiwatazama vibaya wanaugua.

Padre anataka kumi na wawili kwenye kidimbwi cha groto, lile pango la Bikira Maria kanisani, sikukuu ya Kupalizwa. Atakayewaleta, jina lake litasomwa altareni. Jirani yangu Pancras alileta maua tu, akasomwa mara mbili. Maua!

Nimewaweka kwenye mtumbwi wa kukamulia pombe ya ndizi. Mke wangu, Adelfina, mwenye mtumbwi, ameuliza kama wanaogelea au wanapepesuka.

Jumapili, 23 Machi
Wametaga! Nimewahamishia wazazi kwenye dimbwi la bustanini wasije wakala mayai. Akili hiyo.

Jumanne, 25 Machi
Korongo amekula wazazi. Rangi niliyoisifia ndiyo iliyomwita.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili
Watoto tele. Wote kahawia! Rangi ya tope kabisa. Nimempigia Jovitus kumweleza kuwa ni tapeli. Kasema huzaliwa hivyo, nisubiri waive. Waive! Samaki si ndizi.

Jumamosi, 10 Mei
Adelfina anataka mtumbwi wake, ndizi zimeiva shimoni. Akanikumbusha kwamba zilipoingia zilikuwa kijani. Sikuona linanihusu nini.

Nimempelekea Pancras ndoo nzima ya hao kahawia, zawadi ya ujirani, nikamshauri awapeleke groto. Aumbuke mbele ya Padre. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Kidogo.

Ijumaa, 15 Agosti
Groto inawaka. Kumi na wawili, dhahabu tupu, mkia mmoja mmoja. Pancras kasomwa tena. Baada ya misa akanishika mkono, akasema, "Jirani, wale wako wameiva."

Mtu mzima, bado ananuka ubani, anadanganya! Kanunua wengine kwa siri, wangu kawakaanga.

Jumapili, 7 Desemba
Nilinunua jozi nyingine kwa Jovitus, imetaga. Watoto wamekua kiasi cha kuonekana vizuri: kahawia. Tapeli yule hana aibu. Ila safari hii Pancras hapati kitu. Nimewamwagia bata.

Bata wameshiba.