Alama ya Vema Moja

Iliyoanza ni redio ya Breki. Breki ni fundi baiskeli, na redio yake huishi ndani ya boksi la spana, kwa hiyo hata maneno ya wakubwa hutufikia yakinuka grisi. Alasiri hiyo mkuu wa kituo cha polisi alikuwa akiusifu mtaa wetu. Eti ushirikiano wa raia na polisi hapa kwetu ni wa mfano, wengine waje wajifunze.

"Waje na makufuli yao," alisema Wembe, kinyozi, bila kuinua macho kwenye kikombe.

Tulicheka. Pale kwenye benchi la muuza kahawa tuko wanne kila alasiri: Breki, Wembe, mzee Mhuri aliyestaafu ukarani lakini hajastaafu kutoa amri, na mimi. Mbele yetu, ukutani mwa ofisi ya kamati ya mtaa, kuna ubao wa matangazo, na huo ushirikiano wa mfano umebandikwa hapo.

Ulianza hivi. Kamati na polisi walikaa, wakanywa soda, wakakubaliana kila mwenye nyumba aandike saa ambazo kwake hakuna mtu, ili askari wa doria apite hasa saa hizo, kisha aje ubaoni atie alama ya vema kwenye jina. Mpaka hapo ni jambo la maana. Lakini walitaka pia uwazi, kwa hiyo orodha nzima ikabandikwa nje, na kalamu ikaning'inizwa kwa uzi. Mwandiko ni wa mzee Mhuri, herufi kubwa kubwa za bluu, unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

"Mzee, wewe umewaandikia wezi ratiba," Breki alimwambia.

"Niliambiwa niandike, nikaandika. Kufikiri ilikuwa kazi ya kamati."

"Na kamati?"

"Iliwaachia polisi."

"Na polisi?"

"Si umewasikia redioni?"

Miezi miwili imepita na hakuna askari aliyeigusa hiyo kalamu. Orodha nzima ina vema moja tu, na iko kwa Mama Pindo, fundi cherehani: Jumanne, saa tisa hadi saa kumi na moja, anapeleka nguo kwa wateja. Jumanne iliyopita, kati ya saa hizohizo, cherehani yake iliondoka.

Basi midomo ikapata kazi. Wembe akasema mwizi huyo anaijua kazi kuliko doria nzima, maana kamaliza shughuli na ripoti kaitoa. Breki akataka apewe buti na kirungu kabisa. Mzee Mhuri akasema enzi zake ofisini mtu wa namna hiyo angepandishwa cheo bila usaili. Tulikuwa tumekolea kweli, mpaka tulipomwona Mama Pindo mwenyewe kasimama mbele yetu, jasho linamtoka.

Alikuwa ametoka kituoni. Sajini amemwambia doria ilipita Jumanne, na ushahidi ni alama ya vema. Ndiyo hiyo iliyosifiwa redioni.

"Nikamwambia mlipita, hamkupita, cherehani haipo," alisema. "Anataka watu wawili waliomwona huyo mtu, wamweleze sura yake. Wakikosekana leo mpaka saa kumi na mbili, anafunga jalada. Nina sare thelathini na mbili za watoto, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Na nyinyi mnaokaa hapa kila alasiri mlimwona."

Tulimwona, tena vizuri. Alikuja na cherehani nyuma ya baiskeli, akasimama ubaoni, akatia vema yake taratibu, akatusalimia. Mzee Mhuri alikunja miguu ili apite. Kamba ilikuwa imelegea, Breki akamfungia.

"Alitia vema, mama," Wembe alisema. "Tukajua ni askari kanzu."

"Askari kanzu anabeba cherehani?"

"Tulidhani ni ushahidi."

Mama Pindo alitutazama mmoja mmoja. Mzee Mhuri akalishika goti, akasema siku hizi hata chooni anafika kwa taabu. Breki alikuwa na gurudumu la mteja. Wembe akasema polisi wa hapa unaenda shahidi, unalala mshitakiwa. Mimi nilisema macho yangu ni dhaifu, na nilisema hivyo nikiwa nasoma ubao ulio hatua kumi kutoka nilipokaa. Nikikumbuka naona haya.

 Mama Pindo aliuendea ubao, akatugeuzia mgongo, akasimama pale kitambo, kisha akarudi akakaa pembeni ya benchi. Sisi tukarudia polisi, maana kuwasema polisi hakuhitaji goti.

Wembe ndiye aliyeinuka kwenda kutuonyesha kosa la tahajia kwenye orodha. Akafika, akaisogelea karatasi. Kwenye jina lake, leo, saa tisa hadi saa kumi na moja, "yuko kijiweni", palikuwa na vema. Kwa Breki vema. Kwa mzee Mhuri vema. Kwangu pia, na wino haujakauka.

"Nani kapita hapa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu tulishaondoka. Breki aliliacha gurudumu la mteja likizunguka peke yake. Mimi nilifika kwangu na ndala moja. Mzee Mhuri, nasikia, aliruka mtaro.

Kwangu kufuli lilikuwa mahali pake, na ndani hakijaguswa hata kijiko. Tulirudi kijiweni mmoja mmoja, tukihema, kila mmoja akiapa kwake ni salama, kila mmoja hajui hasira aipeleke wapi. Mama Pindo alikuwa palepale pembeni ya benchi. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na uzi wake unaning'inia.

"Kumbe miguu mnayo," alisema. "Na kituo kiko karibu kuliko nyumba zenu."

Akasimama, akashika njia ya kituoni, wala hakugeuka kuhesabu nani anamfuata. Breki akazima redio. Aliyetangulia kumfuata ni mzee Mhuri, na goti lake halikusema neno.