Ngazi Iliyowafunga Kidahwe Matatu Bila

Aurore ameitwa! Mwanangu Aurore, wa tumbo hili hili mnaloliona hapa mbele, ameitwa kwenye majaribio ya timu ya wasichana ya mkoa, na majaribio yenyewe yanafanyika hapa hapa kwetu Ufukweni. (Vigelegele. Kipaza sauti kinapiga mluzi.)

Sasa ndipo nawasalimu. Mheshimiwa Diwani, ambaye leo anawakilishwa na kiti chake; Mtendaji wa Kata; Mwenyekiti wa Mtaa; mashehe, wachungaji na makatekista; wazee wa mwalo wetu huu wa mitumbwi; akina mama wa dagaa; ndugu zetu mliotoka Ilagala kwa mtumbwi na bado mmelowa; wageni waalikwa na msioalikwa, maana pilau haibagui: mwakeye. (Wanaitikia.) Mimi ni Mama Aurore, Mwenyekiti wa Kamati ya Michezo, Maendeleo na Uwezeshaji wa Mabinti, niliyeishia darasa la saba lakini kwenye kuzaa nikafaulu.

Ndugu wananchi, kamati yangu, katika mchakato wake shirikishi na endelevu wa kuinua perfomansi ya mchezaji mmoja mmoja, ilibuni projekti ya ngazi ya mazoezi, ile ya kamba inayotandazwa chini, binti akawa anarukaruka kwenye vyumba vyake chapuchapu kama mtu aliyekanyaga mchanga wa saa saba mchana, na wataalamu wa semina wanatuambia kwamba kwa njia hiyo ubongo unazoeana na miguu, jambo ambalo kwa baadhi ya wajumbe wangu bado halijatokea. (Kicheko. Mjumbe Selestini anaangalia viatu vyake.)

Mtauliza, je, inasaidia? Wapo wanaobeza. Kocha wetu Egide, kijana mzuri, mama yake namfahamu, alikuja nyumbani akanieleza kwa upole kwamba ngazi ile inamfundisha mtu kuruka ngazi, basi, ila uwanjani mpinzani hajajipanga kwa vyumba, anakuja anakotaka yeye, kwa hiyo bora mabinti wakimbizane na mpira. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe kunywa uji, takwimu niachie mimi."

Takwimu ni hizi. Kabla ya projekti, Aurore alikuwa akimfikia mbuzi wa Bibi Mwanakheri mchicha umeshaliwa. Tangu projekti ilipopitishwa na kikao, anamkamata kabla hajaingia bustanini, ambalo ni ongezeko la asilimia mia nne. (Bibi Mwanakheri, kutoka nyuma: "Mbuzi mwenyewe amezeeka.") Maoni yapitie kwa katibu. Halafu kuna Kidahwe. Wenzetu wana ngazi ya dukani, ya manjano, wanairuka kila jioni, nimewaona kwa macho yangu. Tukacheza nao. Tukawafunga matatu bila, mawili ya mwanangu, la tatu la Carmen kwa pasi ya mwanangu. Sasa, kama timu yenye ngazi nzuri vile imefungwa na sisi, maana yake ngazi yetu ni bora kuliko yao. Huo ni ushahidi wa kisayansi. (Makofi. Egide anajifunika uso kwa kofia.)

Ushahidi huo ndio uliomfikia kocha wa mkoa, Mwalimu Bonaventura, mtu anayeiamini ngazi kama wengine wanavyoamini maji ya baraka. Alinipigia simu mwenyewe. Akasema anakuja kumtazama Aurore na wenzake wakiruka ngazi yetu iliyosifika, hapo atachagua. Asipoikuta, majaribio anayahamishia Kidahwe na anachukua mabinti wa huko huko. Nikamjibu, "Karibu, baba, utaikuta imetandikwa." Mama angejibu nini kingine? Mtazameni mwanangu pale alipokaa, amepakata njumu za kuazima, tangu juzi hazishuki mapajani. (Mtu anakohoa.)

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, natoa shukrani. Namshukuru Mzee Kasiani, aliyetuahidi kamba tangu kikao cha kwanza, ila kila tulipokaa kuzifunga, mbalamwezi ikaisha, giza likaingia, dagaa wakaita, kamba zikarudi ziwani na mtumbwi wake. Hakukosea. Kosa ni la kamati, iliyopanga maendeleo juu ya kamba zinazovua. Namshukuru dada Révérienne wa Ilagala kwa matete ya vipandio, ambayo taarifa zinasema yanaendelea vizuri, yanakua. Na nawashukuru ninyi nyote kwa kupigia makofi ngazi ambayo hakuna aliyewahi kuiona, hata mimi. (Miguno, kisha kicheko kirefu. Mzee Kasiani anasimama, anaonyesha kwa mkono kwamba amesikia.)

Mabinti, hoyee! (Hoyee.) Miguu myepesi, hoyee! (Hoyee.) Kidahwe, tuwaombee.

Mwezi sasa unawaka usiku kucha, dagaa hawafuati taa, mitumbwi haitoki, kila kamba ya mwalo huu iko nchi kavu. Mwalimu Bonaventura anafika saa nne asubuhi. Sisi tuwe hapa alfajiri, mwenye kamba na kamba, mwenye kisu na kisu, matete mabichi pia yatafaa, na anayejua kufunga fundo asijifiche. Kukimbia atakimbia mwanangu. Nawasubiri wote, Jumamosi.