Koti la Marehemu Barnabas

Jumatatu, 9 Juni 1997

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba aliyepotea huwa marehemu siku ile jamaa wanapochoka kumngoja. La. Sheria inataka miaka saba kamili bila habari zake. Nimelieleza jambo hili kanisani, kwa kinyozi, na kwa mama aliyetaka kuniuzia nyanya tu.

Mdogo wangu Barnabas alikwenda Musoma, ng'ambo ya mpaka, Februari 1990 kutafuta vipuri vya kinu cha kusaga mahindi. Alisema wiki mbili. Miaka saba imetimia, na miezi minne ya ziada, kwa kuwa mimi si mtu wa pupa. Kinu kiko hapa Suna, Migori, mahali pazuri, karibu na soko. Mkewe Filister ndiye anayekiendesha na ndicho kinachomlisha. Anakiendesha vizuri, lakini hana mpango. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu miaka kumi na tisa. Nimeomba mahakama ya Homa Bay itamke kwamba Barnabas amefariki na initeue msimamizi wa mali yake. Kesi ni Jumanne ijayo.

Jumatano, 11 Juni

Nilikwenda kinuni kumweleza Filister taratibu. Aliendelea kumimina mahindi. Akauliza ni nani aliyeniambia mume wake amekufa. Nikasema hakuna, na hapo ndipo penye hoja: hakuna aliyesema lolote. Akasema, Japuonj, yaani siku hizi watu wanauawa na kalenda? (Japuonj ni mwalimu kwa Kidholuo. Kwa sauti yake lilikuwa tusi.) Foleni nzima ilicheka. Nimerudi nyumbani na unga kwenye nyusi.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango wa pili. Kwetu, maiti asipopatikana, jamaa huzika tunda la yago mahali pake. Yago ni refu kama mkono na zito kama mtoto. Niliwaza: kaburi, picha ya kaburi, hakimu anaona picha, kesi imekwisha. Nimepata yago zuri kule mtoni. Nimelibeba begani kilomita tatu.

Dada yetu Rispa amekataa. Anasema hawezi kulilia tunda lililo uchi. Livishwe nguo ya Barnabas. Sasa, nguo pekee ya Barnabas iliyobaki ni koti la kahawia, na koti hilo nalivaa mimi. Nikamweleza kwamba nitalihitaji mahakamani. Akasema basi na matanga hakuna. Akaongeza kwamba yago lina sura ya huruma kuliko mimi.

Yago liko jikoni. Mke wangu Edith amejikwaa juu yake mara mbili na hasemi nami.

Jumapili, 15 Juni

Sihitaji kaburi. Nina ushahidi bora. Tangu 1990 nimeandika shajara kila siku, bila kuruka, hata nilipougua malaria. Nani mwingine Migori nzima anaweza kuonyesha miaka saba ya kutosikia lolote, kwa wino? Nimezifunga zote kwa kamba ya katani. Sikuzisoma tena. Mtu aliyeandika mwenyewe anajua alichoandika.

Jumanne, 17 Juni

Homa Bay. Nilivaa koti. Nilikula kiapo kwamba hakuna mtu wa familia aliyepata habari za Barnabas tangu aondoke. Kisha nikaomba ruhusa na kumkabidhi hakimu shajara zangu, huku nikimweleza jinsi zilivyopangwa. Alikuwa mama mtulivu mwenye miwani. Alifungua ile ya 1994, katikati tu, akasoma kwa sauti:

“Jumamosi, 8 Oktoba. Masese, mchuuzi wa ng'ombe, amerudi kutoka Musoma. Barnabas ni mzima, ana karakana ya baiskeli. Anauliza kama Filister bado anamtaka. Anaomba pia koti lake. Sijajibu. Koti linanikaa vizuri.”

Watu wote waliliangalia koti. Nilianza kueleza kwamba salamu si habari kwa maana kamili ya sheria. Hakimu aliniambia nikae. Ombi limetupwa, na kuhusu kile kiapo nitaitwa tena.

Filister, aliyekuja kusikiliza kesi, hakupiga kelele. Alisema polepole kwamba miaka saba amekuwa akimuuliza kila mvuvi wa ziwa hili, na karibu mitatu ya mwisho jibu lilikuwa kwenye kabati la shemeji yake. Kisha akanyoosha mkono. Nikavua koti.

Nyumbani nimefika nikitetemeka. Juni ina baridi kuliko watu wanavyodhani.

Alhamisi, 19 Juni

Filister amekwenda Musoma kwa basi la alfajiri, koti likiwa limekunjwa mapajani. Funguo za kinu ameziacha kwa Rispa. Nilimweleza Rispa kwamba kaka mkubwa ndiye mlinzi wa kawaida wa kinu. Alinipa yago langu, ambalo Edith alikuwa amempelekea, akafunga mlango.

Sasa nimekaa na kufikiri kwa utulivu. Kosa langu limeonekana: nilihesabu mtu mmoja tu. Wako wawili upande wa pili wa mpaka, na tangu alfajiri Filister hajatuma neno lolote. Nimeuliza. Miaka saba kuanzia leo ni Juni 2004. Nitakuwa na miaka sabini na moja, umri mzuri wa usimamizi.

Leo, kabla duka halijafungwa: nunua shajara mpya.