Kidonge Kikubwa Kuliko Mdomo wa Njiwa

Kwa Daktari Mervat,
Kituo cha Afya, Kafr Abu Nawwar.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: OMBI LA KUBADILISHIWA UKUBWA WA VIDONGE VYA KUONGEZA DAMU

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Sabrin, mke wa Rifaat fundi wa pampu, mama yake Warda wa miezi mitatu, mimi ndiye uliyeniambia Jumapili kwamba uso wangu umekuwa mweupe kama jibini. Sikukasirika. Nilipofika nyumbani nilijitazama kwenye kioo nikaona jibini ndiyo ingekasirika.

Ulisema damu yangu ni nane. Ulisema Alhamisi utapima tena, na isipopanda utanipeleka hospitali ya mkoa nikalazwe na kuongezewa, Warda abaki na maziwa ya kopo. Kisha ukaniuliza, "Sabrin, hivi vidonge ninavyokupa unavipeleka wapi?" Nikanyamaza, kwa sababu mama mkwe wangu, Hajja Inshirah, alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Sasa najibu kwa maandishi. Vidonge vinakwenda kwa njiwa.

Naomba usicheke kwanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hajja anafuga njiwa darini. Makinda anawalisha kama wanawake wote wa hapa: anajaza mdomo wake maji na mahindi yaliyolowekwa, anafungua mdomo wa njiwa, anapuliza. Tangu nijifungue, njiwa wa zamu hupata mahindi pamoja na kidonge changu chekundu, na jioni mwenzake hupata kile cheupe cha mifupa, kikiwa kimepondwa. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, kidonge kikavu kitakuchoma tumbo. Njiwa anakula kidonge, wewe unakula njiwa. Kinakufikia kimeshaiva." Nani alimtia wazo hilo kichwani, sijui.

2. Basi nikasema haya, nitakula njiwa. Wewe ni wa hapa hapa, unajua mzazi hupewa njiwa mzima aliyejazwa ngano, na hakuna wa kumgusa. Lakini Rifaat hupita "kuonja chumvi". Anaionja kwenye kidari. Anaionja kwenye paja. Halafu anahakikisha paja la pili nalo halikuzidi chumvi. Mimi nabaki na ngano na shingo. Daktari, mume wangu siku hizi anafungua chupa za soda kwa meno! Kalsiamu yangu iko pale. Kama vidonge hivi vimewekwa kwa ajili ya wanaonyonyesha, basi haki itendeke, Rifaat naye apangiwe zamu ya kunyonyesha.

3. Chai. Ulinikataza kumeza kidonge kwa chai, ukasema inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Siku mbili tatu nimewahi kuficha kidonge kwenye soksi ya Warda. Kabla sijapata maji, Hajja ameshanifikia na glasi ya chai nyeusi kama lami. "Kunywa, kisukume." Nikimwambia daktari amekataza, anasema, "Daktari ni msichana mwenye adabu zake, lakini bado hajapata mama mkwe." Sasa fikiria, njiwa hawanywi chai. Kinachowaingia kinawaingia chote. Ukiwapima leo utawakuta na kumi na nne, na mimi mwenye kadi nina nane.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Njiwa hawachinjwi tena. Wamependeza mno. Manyoya yanang'aa, macho mekundu kama komamanga, na wifi yangu Nagat anawapandisha wageni darini kuwatazama kama anaonyesha bibi harusi. Ijumaa nilimsikia Hajja kule juu, kisu mkononi, akimwambia yule mwenye shingo ya kijani, "Wewe mzuri hivi, nitakuchinjaje?" Akashuka na kisu chake kikavu. Tukala dengu. Kwa hiyo, Daktari, vidonge vyangu vimepanda darini na njia ya kushuka imefungwa.

Usimdhanie vibaya Hajja. Yeye ndiye anayembeba Warda kila alasiri ili nipate usingizi kidogo, na mtoto akikohoa mara moja tu, yeye hashushi tonge kooni. Roho yake ni nzuri kuliko yangu. Lakini jana nilisimama na Warda mikononi nikaona ukuta unatembea. Nilimlaza upesi, nikakaa chini kwenye vigae mpaka ukuta ukatulia. Sikumwambia mtu. Nakwambia wewe. Sitaki kulazwa, na sitaki mtoto wangu anitafute kifuani kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Ama njiwa wa Hajja Inshirah wafunguliwe kadi za kliniki, wapimwe uzito, wapewe vidonge vyao wenyewe, vyangu viachwe. Ama, kama kadi hazitoshi, uwaandikie watengenezaji watoe kidonge kikubwa kuliko mdomo wa njiwa. Ukubwa wa tende unatosha. Nimewajaribu kwa tende, haipiti.

Nisalimie muuguzi Awatif, anayenichoma sindano huku akinisimulia habari za shemeji zake ili nisahau, pamoja na mlinzi wa mlangoni na wajawazito wote wa benchi lile refu.

Kwa utiifu, na kwa kuegemea meza,
Sabrin, mama Warda

Baada ya sahihi: Hajja aliniuliza naandika nini. Yeye hasomi, na mimi sikuweza kumficha, nikamsomea yote, ila ule ukuta niliuruka. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Halafu akasema, "Lakini mimi sikuanza. Kidonge cha kwanza nilikikuta ndani ya bakuli lao la mahindi, na njiwa wameshaanza kung'aa. Nikasema Mungu ameleta. Nani alikitia?"

Daktari, ni mimi. Mimba ilipokuwa ya miezi minne vilinitapisha, nikawa navitema kwenye lile bakuli, kisha nikija kwako nasema nameza. Nikamwambia Hajja hivyo hivyo, na ule ukuta uliotembea pia. Akainuka, akanawa mikono, akarudi na kidonge na glasi ya maji ya limau, akanishika kidevu kama anavyowashika wao. "Fungua mdomo, njiwa wangu." Nikafungua. Kimeingia, na kimekaa.

Kwa hiyo lile ombi la ukubwa wa tende nakusihi ulifute kabla halijawafikia watengenezaji. Kikiwa kikubwa hivyo, mimi sitakimeza. Alhamisi tutakuja. Hajja anasema atamleta na yule mwenye shingo ya kijani, tulinganishe.