Kibali cha Kusindikiza Marehemu

Leo nimejiaibisha mbele ya jeneza. Sitanii. Jeneza lilikuwa nyuma yangu kabisa, na aliyelala ndani yake ndiye mtu pekee ambaye hakunicheka.

Kwa wasionifahamu, mimi ni yule dada wa Katandala mwenye pikipiki nyekundu. Nimekuwa nikihangaikia kibali cha kusindikiza misafara ya mazishi hapa Sumbawanga, maana siku hizi huruhusiwi kutangulia mbele ya gari la maiti hivi hivi tu na bendera yako. Na mimi kazi hii naitaka kwa moyo wote! Tulipokuwa tunamzika jirani yangu, lori la mahindi lilikatiza msafara katikati, nusu ya waombolezaji wakalifuata mpaka mashineni. Walifika wanalia, mwenye mashine akadhani kafiwa yeye. Siku ile niliapa kwamba wafu wa mji huu watazikwa kwa utaratibu.

Ofisini nimekwenda mpaka mlinzi akaanza kuniita shemeji. Afisa wa vibali sikuwahi kumwona hata mara moja. Kila nikifika, yuko kikaoni. Juzi karani wake akaniambia, "Dada, sindikiza msiba mmoja kwa majaribio. Afisa atakuja kukuangalia huko huko barabarani. Ukifanya vizuri, anasaini."

"Nitamjuaje?"

"Huna haja ya kumjua. Yeye atakujua."

(Hapo ndipo ningeuliza maswali zaidi. Sikuuliza.)

Basi leo nikapata msiba. Mzee mmoja maarufu wa hapa Katandala, anakwenda kuzikwa Izia, kule mwisho ambako nyumba zinaishia na mashamba yanaanza. Nimeamka, nimeosha pikipiki, nimevaa reflekta, filimbi shingoni, glovu nyeupe mkononi. (Glovu nimeazima kwa mpiga tarumbeta wa kwaya. Za kwake ni kubwa, nilionekana kama nimevaa soksi mikononi.) Nikajiambia, leo hata nzi hakatizi msafara huu.

Kabla hatujaondoka, Desderi, mtoto mkubwa wa marehemu, akanivuta pembeni.

"Dada, nikuonye mapema. Baba alikuwa na watani nusu ya mji. Watatuzuia njiani. Wewe usinune, wajibu hivyo hivyo wanavyokujia. Ukinuna, hatufiki."

"Kaka, ondoa shaka."

Tukaondoka. Taa zimewashwa, mwendo wa pole, kwaya inaimba kwenye gari la nyuma. Hatujafika mbali, nikakuta bibi mmoja kaketi kwenye kiti katikati ya barabara. Kavaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, na anakohoa kama marehemu!

"Hapiti mtu!" akasema. "Huyu mzee aliazima jembe langu, naona anatoroka nalo!"

Nikapuliza filimbi. Watu wakaguna. Desderi akanitolea macho kupitia dirisha la gari la maiti. Nikakumbuka maagizo, nikasema, "Shikamoo bibi! Jembe lako limetangulia, ndilo wanalochimbia kaburi. Twende ukalichukulie huko huko!"

Bibi akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kiti kikaondolewa. Nyuma yangu nikasikia mtu anasema, "Huyu dada anaijua kazi." Jamani, sifa ni mbaya. Kichwa kilivimba, helmeti ikaanza kunibana.

Mbele kidogo akajitokeza kijana kavaa kofia ya trafiki aliyoitengeneza kwa boksi, na reflekta kama yangu.

"Oya, simama hapo! Marehemu ana leseni ya kusafiri kwenda mbinguni?"

"Anaifuata huko huko, huku kwenu mnazungusha!"

Waombolezaji wakapiga makofi. Mjane mwenyewe alitabasamu, nilimwona kwenye kioo. Nikafurahi kweli, maana mama yule alikuwa hajanyanyua uso tangu asubuhi. Nikasema moyoni, afisa popote alipojificha, ananiona.

Tunakaribia kona ya kuingia Izia, akatokea mama mmoja mnene. Reflekta mwilini, kitambulisho shingoni, kalamu mkononi. Akasimama katikati ya barabara na kunyanyua mkono.

"Simama. Kibali chako kiko wapi?"

Nikacheka. Nikasema, hawa watani wa leo wamejipanga!

"Kibali kiko ndani ya jeneza, mtani! Panda ukakichukue!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. (Nikamsifu kimoyomoyo. Mtani anayejua kujikaza ndiye mtani.)

"Dada, nakuuliza mara ya pili. Nani kakuruhusu kuongoza msafara huu?"

"Na wewe nani kakuruhusu kuleta tumbo barabarani? Umeziba njia mpaka kijiji cha Kaoze!"

Jamani. Nilisema hivyo. Kwa sauti. Na sikuishia hapo. Nikateremka kwenye pikipiki, nikamvua kile kitambulisho, nikajivika mwenyewe, nikatangaza mbele ya msiba mzima, "Kuanzia leo afisa ni mimi! Kibali kimetoka!"

Vigelegele! Desderi anapiga honi ya gari la maiti! Nikamshika yule mama mkono, nikamsogeza kando kwa upole, nikapuliza filimbi, msafara ukapita.

Mbele kidogo nikasimama kuzuia lori. Nikainamisha macho kifuani. Kwenye kitambulisho kuna picha ya mama yule yule, kanuna vile vile. Chini yake kuna muhuri. Na chini ya muhuri kumeandikwa: Afisa Vibali.

Nilitamani kuhamia kule nyuma, nilale pembeni ya mzee.

Lakini msiba hauachwi njiani. Nikaufikisha salama, gari la mwisho nikalionyesha hadi sehemu ya kuegesha. Nikageuka, namwona afisa anateremka kwenye bodaboda.

"Shikamoo," nikasema, wakati tunalingana umri.

"Naomba kitambulisho changu."

Nikampa kwa mikono miwili. "Samahani sana mama. Nilidhani wewe ni mtani."

"Kwenu wapi?"

"Mbeya."

Akakivaa, akakinyoosha kifuani taratibu. "Mimi na wewe hatuna utani."

Bibi wa jembe akaja mbio kunitetea. "Msamehe, mwanangu! Hata mimi nilidhani umetumwa na ukoo wa watani, kwa tumbo hilo!" (Asante bibi. Umemaliza kila kitu.)

Nikaomba kwa mara ya mwisho. "Mama, lakini msafara umefika salama. Na kibali?"

"Si ulishajipa mwenyewe, mbele ya watu?" Akapanda bodaboda yake. "Magari umeyaongoza vizuri, hilo nimeliona. Adabu ndiyo sijaiona. Mtihani utaurudia msiba ujao."

Ndiyo nimerudi nyumbani. Sijakata tamaa na sitakata, nitaurudia hata mara kumi. Ila mnielewe vizuri: simwombei mtu kifo. Nasema tu, ukifiwa, na marehemu wako hakuwa na watani, tafadhali nitafute mimi kwanza.