Kifua Chekundu Juu ya Mganda wa Shayiri

Jumamosi, 30 Novemba
Theluji ya kwanza! Vuli kwisha habari yake. Kamera iko tayari tangu Agosti. Jalada la kalenda ya kijiji, linaloshindaniwa kwa picha, mwaka huu ni langu. Miaka kumi na moja naambulia ukurasa wa Februari, karibu na tangazo la kwaya. Mwaka jana jalada alichukua jirani yangu Halldis, miaka sabini na tisa, kwa simu! Simu yenye kioo kilichopasuka! Bado inaniuma.

Jumatatu, 2 Disemba
Nimetundika mganda wa shayiri juu ya nguzo, kuwakirimu ndege msimu wa Krismasi kama tufanyavyo wote huku. Nimejibanza bandani saa nne nzima. Ndege: sifuri. Kwa Halldis wamejaa tele, vifua vyekundu, wananenepa mbele ya macho yangu. Hujuma hii.

Jumatano, 4 Disemba
Nina akili sana. Nimemkumbusha Halldis, kwa upole, kwamba mila inakataza kutundika mganda kabla ya mkesha wa Krismasi. Nuksi kwa nyumba. Akashtuka, akasema kumbe ndiyo maana goti linamsumbua. Akaushusha papo hapo. Akauliza, na wako je, Oddvar? Nikamwambia wangu ni wa kisanii. Mke wangu Gunnvor anasema sina haya.

Ijumaa, 6 Disemba
Kunguru mmoja. Kanipa mgongo. Nimechomeka matufaha ishirini kwenye nguzo. Mwisho wa kupokea picha ni kesho saa sita mchana.

Jumamosi, 7 Disemba
Alfajiri, kifua chekundu! Juu ya mganda wangu! Nikatoka mbio na suruali ya ndani ya sufu. Nikachungulia kwenye kamera, imesimama uani. Giza. Nikadhani nimesahau kifuniko. Wapi! Ilikuwa pua ya kulungu dume, wale wakubwa wa nchi za theluji, mrefu kuliko farasi. Kafuata matufaha. Nikajikuta juu ya paa la banda, sijui nilipandaje. Akala matufaha yote, kisha mganda. Nikapiga mayowe. Halldis akafungua dirisha akaniambia nitulie, mwanangu, nisimtishe mnyama wa watu. Mwanangu! Nina miaka hamsini na minane! Kulungu aliondoka saa saba mchana. Sikutuma chochote.

Jumatano, 18 Disemba
Kalenda imetoka. Jaladani: mimi paani, sufu tupu, mikono juu. Chini, kulungu na mganda mdomoni. Na juu ya kamera yangu, ametulia tuli, kifua chekundu. Picha ya Halldis. Kwa simu! Gunnvor amecheka mpaka akakaa sakafuni. Dukani wananiomba sahihi. Halldis kaleta keki, kanishukuru. Anasema nuksi ya mganda kweli ipo, kaiona kwa macho yake.

Nimeitazama ile picha kwa makini. Mwanga hafifu. Ila mtu wa paani kapendeza. Kwa hiyo jalada ni langu, kwa namna fulani. Mwakani nitamkumbusha Halldis kwamba mila inakataza simu dirishani mwezi mzima wa Disemba. Nimeshaagiza miganda mitatu. Na matufaha ndoo mbili.