Jinsi Ashrafu Alivyoushinda Mlenda Kule Mtinko

Sogeeni karibu, enyi mlioshiba na ninyi mnaosubiri sufuria ishuke jikoni! Zimeni redio, lazeni simu kifudifudi, mwambieni anayetwanga aupumzishe mchi wake, maana habari ninayoileta haitaki haraka ya mtu. Wengine wamesimuliwa vita vya panga na mkuki, na miji iliyozingirwa, na wafalme walioangushwa kutoka vitini. Mimi nawaletea vita vilivyopiganwa juu ya mkeka, mchana kweupe, katika nchi ya Mtinko iliyo kaskazini ya mji wa Singida, kati ya kijana mmoja aliyevaa kanzu nyeupe na bakuli moja la mlenda. Ewe ulimi wangu, usiteleze. Humu ndani kuna utelezi wa kutosha.

Kijana huyo ni Ashrafu, muuza viungo wa sokoni Singida, bwana wa iliki, mlinzi wa mdalasini, ambaye harufu yake humtangulia na huchelewa kuondoka baada yake. Alimpenda Zabibu, binti wa Mtinko aliyekuja mjini kujifunza ushonaji. Zabibu alinunua iliki kwake. Kesho yake akaja kununua iliki. Keshokutwa yake akarudi tena kwa iliki, mpaka hata Ashrafu, ambaye si mwepesi wa kung'amua mambo, akatambua kwamba hakuna nyumba duniani inayotumia iliki kiasi hicho.

Wazee wa pande mbili walikwisha kuongea na kuelewana. Lango moja tu lilibaki limefungwa, nalo ni Bibi Mosi, bibi yake Zabibu, aliyemlea tangu utotoni. Mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye macho ya kuona hata ulichokula jana. Bibi Mosi alikuwa ametuma neno fupi: "Sifa zake nimezisikia, zinatosha. Sasa aje ale kwangu nimwone."

Ndipo Jumamosi moja Ashrafu akapanda gari pamoja na baba yake mdogo, Mzee Amri, mpishi mkuu wa pilau katika harusi za mjini, mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu na tumbo linalosimama kama ushahidi wa kazi yake. Kanzu aliyovaa Ashrafu ilikuwa ya huyo Mzee Amri. Ilishonwa Maskati, ikatariziwa shingoni kwa nyuzi za rangi ya maziwa, na haikuwahi kutoka kabatini isipokuwa siku za sherehe kubwa.

"Mwanangu," alinguruma Mzee Amri gari lilipoliacha ziwa la mjini nyuma na kuingia kwenye mashamba ya alizeti, "kanzu hii haijui doa. Imepita harusi, imepita maulidi, imepita mbele ya birika za kahawa za watu wenye kutetemeka mikono, ikatoka salama. Leo ikipata doa, hata dogo kama jicho la sisimizi, mimi nasimama, naondoka, na posa inaondoka pamoja nami. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba mdogo," akasema Ashrafu, na jasho likamtoka, ingawa upepo wa Singida ulikuwa ukivuma kama kawaida yake, yaani kama umeajiriwa.

Walifika. Wakapiga hodi, wakakaribishwa, wakatoa salamu na sukari na khanga walizokuja nazo.

"Shikamoo, Bibi," akasema Ashrafu, ameinama mpaka kofia ikakaribia kuanguka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa. Umekuja na njaa?"

"Nimekuja nayo, Bibi."

"Vizuri. Njaa ndiyo mgeni ninayemjua."

Wakaketi kwenye mkeka kivulini mwa nyumba. Mzee Amri akatupa jicho uani kwa matumaini makubwa. Na kweli, kuku wa Singida, ambaye sifa zake hupelekwa hadi Dar es Salaam ndani ya matenga, alikuwepo. Lakini alikuwepo kwa miguu yake mwenyewe, akiparua mchanga, wala hakuonyesha dalili ya kuitwa mezani. Zabibu akatoka jikoni, macho chini, mikononi sinia. Juu ya sinia palikuwa na mlima wa ugali wa mtama, wenye rangi ya udongo uliolowa mvua, ukifuka moshi kileleni. Na ubavuni mwa mlima huo, ndani ya bakuli pana, alilala adui.

Nitausemaje mlenda ule kwa wasioujua? Ulikuwa mboga ya majani, wa kijani kizito, umekaushwa, umetwangwa, umepikwa kwa magadi, ukaungwa kwa karanga. Ulitulia kimya kama bwawa lisilo na upepo. Lakini ole wake aliyeuchovya! Ulivutika kama uzi wa fundi cherehani. Ukiupandisha ulipanda, ukiukimbia ulifuata, na ukidhani umekatika ulikuwa umejinyoosha tu. Ashrafu, mtoto wa mjini aliyekuzwa kwa wali na chapati, alikuwa ameuona kwa mbali maisha yake yote, na kwa mbali ndiko alikopenda kuuonea.

Mzee Amri akakohoa. Akainua mkono wake mnene, akatoa hotuba.

"Bibi, tunashukuru kwa ukarimu. Lakini niruhusu niseme, sisi ni watu wa pilau. Pilau si chakula cha kubahatisha. Amezaliwa Uajemi, amepita Bara Hindi akavishwa viungo, amevuka bahari, akapanda bara mpaka akafika Singida. Chai imetoka Uchina. Kahawa imetoka Uhabeshi. Sambusa, chapati, halua, kila kimoja kina safari yake na heshima yake. Sasa huu mlenda, na huu ugali wake, umesafiri kutoka wapi? Umetoka nyuma ya nyumba, umeingia jikoni!"

Hata kuku aliacha kuparua. Hapo alipokuwa amekaa Shukuru, kaka yake Zabibu, mwalimu wa historia wa sekondari, ambaye tangu aajiriwe alikuwa akisubiri mtu mzima amwulize swali kwa hiari yake, pakatokea msisimko mkubwa.

"Mzee wangu!" akapaza sauti Shukuru, akapiga goti moja kama anayejiandaa kukimbia. "Umeuliza mtama umesafiri wapi? Mtama ni mzaliwa wa Afrika hii. Maelfu ya miaka iliyopita ulivuka bahari ukaenda Bara Hindi, ukalimwa, ukasagwa, ukawa mkate wao mpaka leo. Huyo pilau wako alipokuwa hajapewa jina, mtama ulikuwa umekwenda huko tayari! Na haya mahindi tunayoyasifu mijini ni wageni, yaliletwa na Wareno kutoka Amerika, na hata..."

"Shukuru," akasema Bibi Mosi.

"Naam, Bibi."

"Hao Wareno watakula ugali uliopoa?"

"Hapana, Bibi."

"Basi waache wapumzike." Akamgeukia Ashrafu, na sauti yake ikawa laini, jambo lililomtisha kijana kuliko ukali. "Mjukuu wangu, mimi sijui safari za vyakula. Najua huyu mtoto nimemkuza kwa hiki. Ugonjwa ukija tulikula hiki, mvua ikigoma tulikula hiki, akifaulu mtihani tulikula hiki. Mtu anayekuja kumchukua, akikiogopa hiki, atakuja kumwogopa na yeye. Karibu ule."

Ashrafu akatazama kulia: Mzee Amri alikuwa akiitazama kanzu. Akatazama mbele: Bibi Mosi alikuwa akimtazama yeye. Akatazama chini: mlenda haukumtazama mtu, lakini ulikuwa unangoja. Akanawa mikono kama anayetia udhu wa mwisho, akasema, "Bismillahi," na vita vikaanza.

Katika shambulio la kwanza alimega tonge kwa pupa, akalichovya bila kulikanda. Tonge likasambaratika bakulini, likazama, halikuonekana tena. Shujaa akaondoa vidole vyake vitupu. Uani, walikojazana majirani kutazama, mtu akacheka, akajifanya anapiga chafya.

Katika shambulio la pili alilikanda tonge vizuri, akalitia shimo kwa dole gumba, akachota kwa ushujaa, akainua. Uzi wa mlenda ukainuka naye. Aliinua mkono mpaka usawa wa kifua, uzi ukafika kifuani. Akauinua mpaka kidevuni, uzi ukafika kidevuni, mwembamba, unaong'aa, umefungamana na bakuli kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa. Na hapo upepo, ule upepo wa Singida usio na adabu, ukaona nafasi yake. Ukavuma. Uzi ukaanza kupepea, ukapinda, ukaelekea kwenye kanzu ya Maskati!

"Rudi!" akanguruma Mzee Amri, amejishika ndevu. "Rudi nyuma, mwanangu, tumezingirwa!"

Ashrafu akarudi. Akashusha tonge bakulini, na uzi ukalala chini kwa dharau.

"Huko kwenu chakula kinarudishwa?" akauliza Bibi Mosi.

"Hapana, Bibi. Nilikuwa... naupima."

"Haya. Ukimaliza kupima, kula."

Moyo wa Ashrafu ulimshuka mpaka kwenye mkeka. Aliona mbele yake maisha marefu ya kuuza iliki kwa watu wanaotaka iliki tu. Akainua macho kwa mara ya mwisho kuelekea jikoni, na pale mlangoni alikuwa amesimama Zabibu, anafuta mfuniko wa sufuria. Alikuwa anaufuta kwa namna ya ajabu. Alipeleka kitambaa mbele, akazungusha kiganja ghafla, kisha akakivuta kando. Akarudia. Mbele, zungusha, kando. Mfuniko ulikuwa umeng'aa tangu zamani, lakini binti aliendelea kuusugua huku amemkazia macho, na uso wake ulisema waziwazi: mwenzangu, ninakufundisha, na hutaki kujua.

Ashrafu, ambaye iliki ilimchukua wiki nyingi kuielewa, safari hii alielewa papo hapo.

Akamega tonge. Akalikanda taratibu, akalitoboa. Akachovya. Akainua kidogo tu, si kwa kiburi cha mwanzo, na uzi ulipoanza kunyanyuka alizungusha kiganja mara moja, kwa wepesi wa mtu anayefunga bomba la maji, akalivuta tonge kando kwenye ukingo wa bakuli. Uzi ukajizungusha kwenye tonge lenyewe. Ukasita. Ukakatika!

Lo, enyi mliokuwepo, semeni mlivyoona! Tonge likapaa huru angani, halina mkia wala deni la bakuli, likapita mbele ya tarizi za shingoni, likapita kidevu, upepo ukavuma ukakosa cha kushika, na kinywa cha Ashrafu kikafunguka kama lango la mji unaompokea mfalme wake. Likaingia. Akameza. Kanzu ilibaki nyeupe kama ilivyotoka Maskati.

Jirani mmoja akapiga kigelegele kabla hajaulizwa. Shukuru akasimama, akapiga makofi, akasema kwamba tarehe hii lazima ikumbukwe. Mzee Amri akafuta machozi kwa leso na kumshukuru Mungu, ingawa haikufahamika kama ni kwa ajili ya kijana au kwa ajili ya kitambaa.

Bibi Mosi peke yake hakutikisika. "Ladha yake je?" akauliza.

Tangu achovye mpaka ameze, Ashrafu alikuwa akiukodolea macho uzi, akiuzuia upepo na kuilinda kanzu ya mtu. Angeweza kusema ni tamu; mtu yeyote angesema hivyo.

"Bibi," akasema, "sikuiona ladha. Nilikuwa vitani."

Bibi Mosi akamtazama. Kisha mabega yake membamba yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa kuliko mwili wake, mpaka khanga ikamteleza kichwani na kuku akakimbilia nyuma ya nyumba. "Amesema kweli!" alilia kwa kicheko. "Wengine wote wananiambia ni tamu, huku wameugugumia kama dawa! Kula tena, mjukuu wangu. Safari hii kula kama mtu."

Basi Ashrafu akala kama mtu. Karanga zikamjia kwanza, nene na tamu. Halafu uchungu kidogo wa majani, uchungu wa kupendeza. Halafu mtama wenye ladha ya moshi na shamba. Akazungusha kiganja, akala tena. Mzee Amri, aliyeshindwa kuvumilia kuachwa nje ya jambo lolote linalohusu kula, akanawa, akachota bila kufundishwa na mtu, na uzi ukamshuka ndevuni na kulala humo mpaka jioni. Hakujali. "Wallahi," akanong'ona, "kungekuwa na iliki kidogo..."

"Usithubutu," akasema Bibi Mosi. "Shukuru, waambie wazee wapange siku ya harusi."

Kwa hiyo, enyi waandishi wa tarehe, noeni kalamu zenu. Andikeni kwamba falme zimesimama na falme zimeanguka, vyakula vimevuka bahari kwenda na kurudi, na majemadari wengi wameingia miji mikubwa juu ya farasi. Lakini andikeni pia, kwa wino usiofutika, kwamba kule Mtinko, siku ya Jumamosi yenye upepo, kijana wa mjini alikula mlenda, hakudondosha hata tone, na bakuli lilipokwisha akalisogeza mwenyewe mbele ya Bibi na kuomba aongezewe.